Farasi wa Jumatatu

Rulon Haslam hakuketi. Alisimama mbele ya meza ya Marva Teeples pale maktabani, kofia mkononi, theluji ikimyeyukia mabegani, akaibwaga bahasha mezani kama mtu anayerudisha bidhaa mbovu dukani.

"Soma mwenyewe," alisema. "Mimi nimesoma mara tatu, nikadhani macho yangu ndiyo mabovu."

Marva hakuhitaji kusoma. Tangu Novemba ianze alikuwa ameshaona barua za namna hiyo zaidi ya ishirini. Hata hivyo aliifungua, kwa heshima. Bima ya afya ya Rulon na mkewe Nedra, waliyokuwa wakiilipia dola mia sita na thelathini kwa mwezi, kuanzia Januari ingekuwa dola elfu tatu na mia moja.

"Kwa mwezi," Rulon alisema. "Si kwa mwaka. Kwa mwezi, Dada Marva."

"Naona."

"Nyumba yenyewe siilipii nusu ya hizo!"

Marva alikuwa na miaka sitini na mitatu, mjane, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo watu walilazimika kuisogelea. Mumewe Veldon aliendesha lori la maziwa pale bondeni. Mwaka 2011 alianza kubanwa na kifua, akasema atakwenda kwa daktari akipata kazi yenye bima. Kazi hiyo haikupatikana. Marva alimkuta amelala kifudifudi ghalani, ndoo bado mkononi. Kwa hiyo miaka mitatu baadaye, sheria mpya ilipowafungulia watu wa kawaida soko la bima, alisomea kazi ya kuwasaidia kujiandikisha. Akapewa meza kati ya vitabu vya watoto na mashine ya kuchapisha, Jumanne na Jumamosi. Malipo yalikuwa kiduchu, na Agosti iliyopita yalikatwa kabisa. Aliendelea kuja.

Bonde lile la Wyoming halikupenda chochote chenye harufu ya Washington, na mgumu kuliko wote alikuwa Rulon, fundi wa kuwapigia farasi viatu vya chuma. "Mimi si ombaomba," alimwambia mwanzoni. Marva alimwendea mara nne. Mara ya nne alibeba sinia la mikate ya mdalasini, na Nedra ndiye aliyemfungulia mlango. Wakajiandikisha. Miaka miwili baadaye Nedra alianza kuangusha vikombe, kisha mguu mmoja ukawa unamsaliti ngazini. Ulikuwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Tangu hapo alitundikiwa dripu kila baada ya miezi sita, na dripu moja tu bei yake ilizidi ya gari lao. Alitembea kwa mkongojo, lakini alitembea, na kila Jumapili alipiga kinanda kanisani.

"Eleza basi," Rulon alisema. "Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Siku za korona Bunge liliongeza ruzuku, ikawafikia hata watu wenye kipato kama chako. Nyongeza hiyo inakwisha mwisho wa mwaka. Walibishana wee, wakafunga ofisi za serikali, wakazifungua, na bado inakwisha. Sasa kuna mstari. Mume na mke, elfu themanini na nne na mia sita kwa mwaka. Ukiwa chini yake, serikali inakusaidia. Ukiuvuka hata kwa dola moja, huna kitu."

"Dola moja?"

"Moja. Mwaka huu utapata ngapi?"

"Tisini na moja, nikishatoa mafuta na chuma."

"Na mwakani?"

"Kwato za farasi haziachi kukua, Dada."

Nyuma yao mashine ilikuwa ikitoa karatasi za mtu.

"Andika themanini," Rulon alisema, akishusha sauti. "Nani atajua?"

"Mwakani utafanya kazi ya themanini?"

"Nitafanya kazi itakayokuja."

"Basi siwezi kuandika. Wakati wa kodi watakudai ruzuku yote, hadi senti ya mwisho. Zamani kulikuwa na kikomo, sasa hakuna. Lakini ukipunguza kazi kwelikweli, ukaacha wateja wachache..."

Rulon alicheka kicheko kikavu. "Nikunje mikono nyumbani ndipo serikali inipende? Baba yangu atafufuka anichape viboko." Alivaa kofia. "Mara nne ulikuja kwangu. Mara nne! Ukasema nikuamini. Leo nimekuja mimi, mara moja tu, na unanifungia mlango."

Aliondoka bila kutia saini. Marva alimpigia simu wiki ile, na wiki iliyofuata, na nyingine tena. Simu iliita mpaka ikachoka.

Jumapili ya tarehe kumi na nne Desemba, ibada ilipokwisha, Nedra alishuka taratibu kutoka kwenye kinanda, mkongojo ukigonga sakafu, akaja moja kwa moja kwa Marva na kumkumbatia.

"Sijui nikushukuruje," alisema. "Rulon kaniambia ulimaliza kila kitu kwa saini moja. Na mimi nilikuwa silali! Si unasikia watu wanavyolia? Dripu yangu ni tarehe ishirini na moja Januari, na hawa," alinyoosha vidole vya mkono wa kushoto, "wameanza utundu."

Marva aliviangalia vile vidole. Alikuwa amekula kiapo: anachosema mtu pale mezani hakitoki mezani. Ya mezani aliyasema Rulon peke yake, na alikuwa amemdanganya mkewe. Lakini mwili uliokuwa ukisubiri dawa haukuwa wa Rulon.

"Nitaongea na Rulon kesho," alisema. "Kuna jambo dogo limebaki."

"Dogo?"

"Nitaongea naye."

Nedra alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akaenda zake. Mchana ule Marva alipasha supu, akaiangalia mpaka ikapoa, akaimwaga. Kesho yake ndiyo ingekuwa siku ya mwisho kwa mtu anayetaka bima ianze Januari mosi.

Kila mtu bondeni alijua Rulon anakuwa wapi Jumatatu. Juu korongoni palikuwa na shamba la matajiri wa mbali, lenye farasi thelathini waliofanya kazi ya kuvuta sleji, magari ya kuteleza thelujini, zenye majani ya kuwalishia paa wakubwa wa porini wakati wa baridi. Marva aliendesha gari polepole, magurudumu yakiteleza kila kona. Mara mbili alifikiria kugeuza. Hakuwa na hakika kama anakwenda kumwokoa mtu au kuvunja kiapo.

Rulon alikuwa ameinama ghalani, mguu wa nyuma wa farasi mkubwa mwekundu ameulaza mapajani, misumari minne kaibana mdomoni. Alimwona mlangoni, akageuza macho.

"Jana Nedra alinishukuru," Marva alisema.

Nyundo ilisita hewani. Kisha ikapiga, msumari ukazama.

"Alinishukuru kwa saini ambayo hukuitia."

Rulon alitemea misumari kiganjani. "Umemwambia?"

"Sijamwambia."

"Basi usimwambie."

"Ndugu Rulon, leo ni tarehe kumi na tano."

"Tarehe naijua. Ile bima ya zamani nimekwisha kuifuta kwa simu, maana wangenikata elfu tatu benki mwezi ukianza. Nitauza trela. Dripu nitalipa taslimu."

"Trela itauzwa ngapi?"

Alimtajia.

"Hiyo haifiki nusu ya dripu moja. Na ile ya Julai?"

"Ya Julai tutaiona Julai!" Sauti yake ilipasua ghala, na farasi akatikisa masikio. Rulon alimpapasa paja, akaendelea kwa sauti ya chini. "Wewe humjui mke wangu. Akisikia bei, ataacha dawa. Ataniambia, 'Mbona najisikia vizuri tu,' na atatabasamu hivyo hivyo mpaka asubuhi moja ashindwe kuinuka kitandani. Bora mimi niitwe mwongo."

"Veldon naye alikuwa anatabasamu," Marva alisema.

Rulon alitaka kumjibu, lakini hapo hapo theluji iliyokuwa imelundikana juu ya mabati iliporomoka yote kwa mkupuo, kishindo kama bunduki. Farasi aliunyakua mguu wake. Rulon alirushwa ubavuni, na kwato ikapita pale alipokuwa ameinama ikakipiga kisanduku cha vifaa. Mbao ziliruka. Viatu vya chuma vilitawanyika sakafuni vikilia.

Rulon alikuwa ameegemea ukuta, akilipapasa goti lake kama anayehakikisha lipo.

"Umeumia?"

"Sijaumia."

Wote wawili walikitazama kile kisanduku. Kilikuwa kimevunjika katikati. Marva alimwacha mwenyewe akitazame mpaka atosheke.

"Hawa farasi wa Jumatatu," alisema hatimaye, "wanakuingizia ngapi kwa mwaka?"

"Elfu tisa."

"Toa tisa kwenye tisini na moja."

Rulon alifunga macho. Midomo yake ilicheza kidogo.

"Utakuwa chini ya mstari," Marva alisema. "Bima itakuwa kama dola mia saba kwa mwezi. Unaacha elfu tisa, unaokoa karibu elfu thelathini."

"Huo ni wazimu."

"Ni wazimu. Sikuutunga mimi."

"Mtu anaadhibiwa kwa kuchapa kazi!"

"Ukitaka kubishana na Washington, nitakupa anwani yao. Mimi nimekuja kwa ajili ya Nedra. Maktaba inafungwa saa kumi na mbili."

Rulon alimtazama yule farasi mwekundu, ambaye sasa alikuwa ametulia kama vile hakufanya lolote. "Miaka kumi na minne nawatunza hawa. Nikiwaacha nani atawapigia viatu?"

Jibu walilijua wote. Bondeni kulikuwa na fundi mwingine mmoja tu, Kimball Dewsnup, na Rulon hakuwa amesema naye kwa miaka ishirini, tangu Dewsnup alipomnyang'anya mteja kwa kushusha bei na kutangaza kwamba farasi wa Haslam wanachechemea.

"Dewsnup!" Rulon alisema. "Yule anapigilia misumari kama anajenga banda la kuku!"

"Na kwanza utamwambia mkeo," Marva alisema. "Wewe, si mimi. Mimi nitakaa tu."

Walimkuta Nedra jikoni, akimenya viazi vya kupeleka kwenye msiba wa jirani. Alipowaona wameingia pamoja, mmoja akichechemea na mwingine akiwa hajavua hata glavu, aliweka kisu chini. Rulon alisema yote: barua, bei, simu ya kufuta, uongo wa saini. Nedra alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, na hilo ndilo lililomtia Marva hofu.

"Jana ulinisikia nikipiga kinanda?" Nedra aliuliza.

"Nilikusikia, mke wangu."

"Nilikosea pawili. Hivi vidole viwili havikunitii. Wewe hukujua, mimi nilijua. Mwili huu ni wangu, Rulon. Ukinificha bei yake, nitaubebaje?"

"Ungeacha dawa."

"Labda ningeacha. Labda ningekutukana matusi yote ninayoyajua. Lakini tungetukanana tukiwa wawili!" Alijifuta macho kwa kiwiko, mikono ikiwa na maji ya viazi. Kisha akamgeukia Marva. "Na wewe jana ulinitazama usoni ukaniambia 'jambo dogo.'"

"Ndiyo," Marva alisema. "Nisamehe."

"Nitakusamehe baadaye. Kwa sasa niambieni, kuna njia?"

Walimweleza. Nedra alisikiliza, akafuta mikono, akachukua simu.

"Nedra, hapana," Rulon alisema. "Niachie, nitampigia mwenyewe kesho."

"Kesho si tutakuwa tumechelewa?" Mke wa Dewsnup aliimba kwaya, namba ilikuwepo. Nedra aliiweka simu mezani ili wote wasikie. "Kimball? Nedra Haslam hapa. Hapana, hajafa mtu. Rulon anataka kukuachia farasi wa Jumatatu, wale wa korongoni, wote thelathini. Ndiyo, Rulon huyu huyu. Hapana, hajalewa."

Upande wa pili ilisikika sauti nzito: "Amepatwa na nini?"

"Bima."

"Sisi yetu tumeiacha mwezi uliopita," Dewsnup alisema. "Tuliona ile barua tukaitia jikoni ikaungua. Mwambie nashukuru. Hela hiyo itanifaa."

Nedra na Marva walitazamana. Rulon alikuwa amesimama katikati ya jiko, mkono juu ya goti. Akainama juu ya meza.

"Kimball," alisema. Hayo ndiyo maneno ya kwanza kumwambia baada ya miaka ishirini. "Yule mwekundu mkubwa. Theluji ikiwa juu ya bati, usisimame nyuma yake. Unanisikia? Usisimame nyuma yake."

"Nimekusikia," Dewsnup alisema, na simu ikakatika.

Saa tisa na nusu walikuwa maktabani, watatu mbele ya kompyuta moja. Siku ya mwisho nchi nzima ilikuwa imejazana kwenye mtandao ule ule. Ukurasa ulizunguka, ukazunguka, ukawatupa nje. Walipoingia tena, ukadai namba ya siri iliyotumwa kwenye simu ya Rulon, na simu ya Rulon ilikuwa imelala ghalani, korongoni, kando ya kisanduku kilichovunjika. Marva alipiga simu ya msaada. Muziki ulilia dakika hamsini. Mkutubi alianza kuzima taa za upande wa pili, akaona nyuso zao, akaziwasha tena. Mwanamke aliyepokea hatimaye alikuwa na mafua, lakini alijua kazi yake. Alipouliza mapato ya mwaka ujao, Rulon alijibu mwenyewe: "Elfu themanini na mbili." Kisha akaongeza, bila kuulizwa, "Na ni kweli."

Ilipofika saa kumi na mbili kasoro dakika nne, ukurasa ulisema wamekubaliwa. Hakuna aliyeshangilia. Nedra aliegemeza kichwa kwenye bega la mumewe, na Marva akagundua kwamba hakuwa amevua koti tangu asubuhi.

Kwa walioikosa tarehe ile bado kulikuwa na nafasi moja, hadi Januari kumi na tano, bima yao ianze Februari. Rulon alikuwa na Jumatatu tupu, na mikono yake haikujua kukaa. Akaanza kumwendesha Marva katika gari lake kubwa, nyumba hadi nyumba, kuwafuata watu ambao hawakuja maktabani. Wengine walifungua, wengine walichungulia dirishani wakarudi ndani. Mwanamke mmoja mwenye kisukari aliwaambia kwa upole kwamba ameamua kumwachia Mungu, akawapa boga waende nalo. Marva mwenyewe alikuwa amebaki na bima ya bei ya chini kabisa, ile ambayo mtu huifaidi akigongwa na treni, na miaka miwili ya kungoja kabla ya kufikisha umri wa bima ya wazee.

Jumatatu ya tarehe kumi na mbili walikwenda kwa Dewsnup. Alikuwa anashuka garini, ametoka korongoni, mkono wa koti umechanika.

"Sitaki kitu cha Washington," alisema kabla hawajasalimia.

Marva alifungua mdomo, lakini Rulon alimtangulia. "Hata mimi sikutaka. Mwaka jana ulipata ngapi?"

"Hiyo ni shughuli yako?"

"Haifiki themanini na nne, najua, hata ukiongeza farasi wa Jumatatu, kwa namna unavyopigilia misumari. Basi uko chini ya mstari, bwana! Ile barua uliyoichoma ilikuwa na bei ya kabla ya msaada. Hukuuliza. Uliona namba ukakimbia, kama mimi tu."

Dewsnup aliunyoosha ule mkono wa koti. "Nani kalichana koti langu, unajua?"

"Mwekundu."

"Mwekundu," Dewsnup alikubali. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Alikuja maktabani Alhamisi, siku ya mwisho, dakika arobaini kabla ya kufunga, na mkewe kamshika kiwiko kama askari. Hakuvua kofia. Alijibu maswali yote kwa neno moja moja, na alipoiona bei iliyobaki baada ya ruzuku, alimwomba Marva aisome kwa sauti. Akaisoma. Akaomba tena. Kisha akatia saini. Katika nyumba arobaini na sita ambazo Marva alizihudumia mwaka uliotangulia, kumi na tisa zilibaki bila bima ya mwaka mpya, naye aliyajua majina yote kumi na tisa. Nyumba ya Dewsnup haikuwa mojawapo.

Bima ya Dewsnup ingeanza tarehe mosi Februari. Kabla ya hapo kulikuwa na Jumatatu mbili. Tarehe kumi na tisa asubuhi, wakati Nedra akifua shuka za kwenda nazo hospitali, Rulon alivaa aproni yake ya ngozi.

"Unakwenda wapi?" Nedra aliuliza. "Mstari, Rulon!"

"Silipwi," Rulon alisema. "Nakwenda tu kumshikia kichwa yule farasi."

Alikwenda Jumatatu hiyo na iliyofuata. Katikati yake, tarehe ishirini na moja, Nedra alitundikiwa dripu saa nne nzima, vidole vyake vikijaribu nota juu ya blanketi. Kule ghalani, wanaume wawili wasiopendana walifanya kazi bila mazungumzo, mmoja akiwa ameinama nyuma, mwingine akiwa mbele ameshika hatamu kwa mikono yote miwili, macho yake juu kwenye bati.